Mapambo ya sikukuu za dini katika skuli za serikali

Mzazi mmoja wa Morogoro ametuuliza: mwanawe wa darasa la nne ametakiwa asaidie kupamba darasa kwa msalaba na pango la kuzaliwa Nabii Issa, amani iwe juu yake, kabla ya skuli kufungwa mwezi wa Disemba. Afanye nini?

Jawabu: Alhamdulillah. Karatasi za rangi na maputo ya kufungia mwaka hayana ubaya. Ama pango na msalaba ni alama za itikadi, na Muislamu hashiriki kuziweka. Surat al-Kafirun imeweka mpaka huo. Mtoto asiyebaleghe haandikiwi dhambi, bali jukumu ni la mzazi.

Basi mzazi amwendee mwalimu mkuu kwa adabu, aombe mwanawe apewe kazi nyingine. Haki anayo: Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inaifanya ibada kuwa hiari ya mtu binafsi. Lakini asimfundishe mtoto kuwakejeli wenziwe. Milimani Uluguru, ndani ya ukoo mmoja wa upande wa mama, huyu huenda msikitini na yule kanisani. Na Surat al-Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi kuwafanyia wema na uadilifu.

Na mizani iwe moja. Tusiyopenda alazimishwe mtoto wetu, tusimlazimishe mtoto wa Kikristo kwa kumtundikisha bendera za Maulidi. Skuli ya serikali ni ya wote; ya kwetu tuyafundishe madrasa.

Wallahu aalam.