Kumpima Mzee Udhaifu: Kiti na Saa, au Nauli ya Mbeya?

Mzee akianza kushika ukuta anapoinuka, na nguo zikampwaya, ndugu wengi wa Tunduma huchanga nauli apelekwe Mbeya, zaidi ya kilomita 100, akafanyiwe "vipimo vyote". Lakini udhaifu wa uzeeni, yaani mwili kuishiwa akiba hadi homa ndogo inamlaza mtu wiki nzima, hauonekani kwenye eksirei. Hutambulika kwa namna mzee anavyoinuka, anavyotembea na anavyokula. Linganisheni kwanza vipimo hivi vinne.

Kiti na saa ya simu: bure. Kipimo hiki kimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Egemezeni kiti ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5, nanyi mkae karibu asije akaanguka. Akizidi sekunde 14 au akishindwa, apelekwe kwa mtaalamu. Muulizeni pia kama amepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi 3 bila kukusudia. Kasoro ya kipimo cha kiti: goti bovu humfelisha hata mzee mwenye nguvu.

Ngazi za udhaifu 1 hadi 9 kutoka Kanada: haihitaji kifaa. Mganga humpanga mzee kwa shughuli alizokuwa akimudu wiki mbili kabla hajaugua. Majibu yatoke kwa anayeishi naye, si kwa mtoto aliyeshuka basi la Dar jana.

Vigezo vitano vya mtafiti Fried, 2001: ghali. Ni kupungua uzito, uchovu, mwendo wa polepole, kutojishughulisha na mkono kukosa nguvu. Vikitimia vitatu, mzee ni dhaifu. Nguvu za mkono hupimwa kwa kifaa maalumu cha kubana; vinginevyo ni kukisia.

B-FIT, kipimo cha udhaifu: kifupi, cha hapa nchini. Kilitengenezwa kutokana na utafiti kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro. Ulizeni kama mganga wenu anakifahamu.

Kwa mfuko wa kawaida, anzeni na kiti nyumbani, kisha kituo cha afya cha jirani. Pale ombeni mambo yanayotibika yaangaliwe: presha akiwa ameketi na akisimama, wingi wa damu, kifua kikuu, macho, na dawa zote anazomeza, zibebeni mfukoni. Hatua inayofuata ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Vwawa. Mbeya iwe kwa barua ya rufaa.

Kabla ya kusafiri, piteni serikali ya mtaa kuulizia kitambulisho cha mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali. Bila kitambulisho, dirishani mtaombwa fedha. Nauli mtakayookoa inunue mayai, maharage na fimbo imara.