Pazia la Kamera na Watu Wasiosimama

Huenda umewahi kupigwa picha studio. Unakaa kwenye kiti. Mpiga picha anakuambia unyooshe shingo, utulie, usipepese macho. Unatulia kama mtu anayengoja hukumu. Picha inatoka safi, lakini nyumbani wakiiona wanasema, "Mbona huyu si wewe?"

Ziko picha za namna nyingine. Hizo hupigwa sokoni, stendi ya basi, au kando ya njia, watu wakiwa katika shughuli zao. Hakuna anayeambiwa asimame. Mama anapepeta mchele. Kijana anashusha mzigo. Wazee wanabishana. Picha hizo zina uhai, lakini ni ngumu kuzipiga. Mimi nilijifunza ugumu wake kwa hasara.

Mwaka 1984 nilikwenda gulioni na kamera yangu, aina ya Zenit-E. Nilikuwa na mkanda mmoja wa picha 36. Chini ya mkuyu nilimkuta mjomba wangu ananunua mbuzi. Mjomba alikuwa mtu wa kucheka sana, lakini akiona kamera hununa. Siku ile hakuniona. Alikuwa ameshika mkono wa muuzaji, anautikisa, anacheka mpaka kichwa kinakwenda nyuma. Nikapiga.

Baada ya wiki mbili nikapanda basi kwenda mjini kusafisha picha. Mbuzi alitoka vizuri mno, hata ndevu zake ungeweza kuzihesabu. Mjomba hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na kitu kama moshi. Masika yaliyofuata mjomba alifariki. Hatuna picha nyingine inayomwonyesha akicheka.

Kwa nini mbuzi alionekana na mjomba hakuonekana?

Ndani ya kamera ile, mbele ya mkanda, kuna pazia dogo jeusi la kitambaa. Kwa kawaida pazia limefungwa na mkanda umo gizani. Ukibonyeza kitufe, pazia hufunguka, mwanga huingia, kisha pazia hufunga. Kila kitu kinachopita mbele ya lenzi wakati pazia liko wazi huandikwa kwenye mkanda. Mbuzi alisimama kimya, akaandikwa mahali pamoja. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa. Uso wake uliandikwa hapa, na hapa, na hapa, kimoja juu ya kingine. Ndiyo sababu ukawa moshi.

Muda wa pazia kukaa wazi unachagua wewe. Juu ya Zenit-E kuna kirungu cha kuzungusha chenye namba hizi: 30, 60, 125, 250 na 500. Namba hizi ni sehemu za sekunde. Ukiweka 30, pazia hukaa wazi kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde. Ukiweka 500, hukaa wazi kwa sehemu moja ya 500. Basi usidanganyike: namba ikiwa kubwa, muda ni mfupi.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu anayetembea kwa haraka sokoni huenda kama sentimita 150 kwa sekunde moja. Ukiweka 30, atasogea sentimita 5 kabla pazia halijafunga. Huo ni upana wa vidole vitatu, unatosha kabisa kuharibu uso. Ukiweka 125, atasogea kama sentimita moja na kidogo. Ukiweka 500, atasogea milimita 3, yaani kama punje moja ya mtama. Hapo picha itamwonyesha kana kwamba amesimama.

Siku ile mimi nilikuwa nimeweka 30.

Hata wapiga picha wa kwanza walipata taabu hii, tena kubwa kuliko yangu. Mwaka 1838 Mfaransa mmoja, Louis Daguerre, alipiga picha ya barabara moja ya Paris kutoka dirishani. Siku zile picha moja ilihitaji mwanga wa dakika kadhaa. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha inaonekana tupu, kama mji uliohamwa. Wote walipita upesi mno wasiweze kuandikwa. Aliyeonekana vizuri ni mtu mmoja aliyekuwa amesimama anang'arishiwa viatu. Hakujua kwamba anapigwa picha. Kila mara nikiitazama picha ile namkumbuka yule mbuzi.

Sasa utauliza: kwa nini tusiweke 500 siku zote? Sababu ni mwanga. Fikiria ndoo chini ya bomba. Ukifungua bomba kidogo, ndoo hujaa polepole. Ukilifungua lote, hujaa upesi. Picha ni kama ndoo hiyo, nayo hutaka kiasi chake cha mwanga. Kikipungua, picha huwa nyeusi. Kikizidi, huwa nyeupe. Bomba lenyewe ni tundu lililo ndani ya lenzi. Nalo lina namba: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Hapa pia namba zimegeuka. Namba 2 ni tundu kubwa, na namba 16 ni tundu dogo.

Kwa mkanda wa nguvu 100, jua likiwa kali, wapiga picha huweka tundu 16 na pazia 125. Ukitaka pazia 250, fungua tundu mpaka 11. Ukitaka 500, fungua mpaka 8. Kila unapopunguza muda kwa nusu, unapanua tundu hatua moja, na ndoo inajaa sawasawa.

Chini ya mkuyu hapakuwa na jua. Niliona kivuli, nikaogopa giza, nikarefusha muda. Niliweka tundu 11 na pazia 30. Ningeweza kuweka tundu 4 na pazia 250. Mwanga ungekuwa uleule, na mjomba angekuwa na uso. Ni kweli kwamba tundu likiwa kubwa lazima upime vizuri umbali wa mtu, la sivyo atatoka na ukungu. Lakini umbali unaweza kuupima mapema. Cheko huwezi kulipima.

Hili la mapema ndilo gumu kwa anayejifunza. Jambo zuri likitokea sokoni, halikungoji uzungushe namba. Basi ukifika mahali, tazama mwanga kwanza. Kama ni juani, weka namba za juani. Ukiingia kivulini, badilisha kabla hujaona cha kupiga. Kwa watu wanaotembea mimi huweka 250. Kwa baiskeli na watoto wanaokimbia, 500. Chini ya 60 sipigi kwa mkono mtupu, kwa sababu hapo hata mikono yangu hutikisa kamera. Ikinilazimu, huegemea nguzo, hubana viwiko mbavuni, na kuzuia pumzi.

Kama mwanga ni mdogo kweli, tumia akili nyingine. Mtu anayekatiza mbele yako huharibika upesi kuliko anayekuja moja kwa moja kwako. Basi simama mahali ambapo watu watakuja wakikuelekea. Tena kila mwendo una mahali pake pa kusita. Mama anayepepeta hurusha mchele juu. Punje zikifika juu kabisa, husita kidogo kabla ya kuanguka. Bonyeza hapo.

Wala si kila kutikisika ni kubaya. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare huko Paris, Henri Cartier-Bresson alipiga picha ya mtu anayeruka dimbwi la maji. Ukimtazama vizuri, mtu huyo hakutulia. Lakini kisigino chake bado hakijagusa maji, na watu wanaitazama picha hiyo mpaka leo.

Siku hizi wengi wetu tunapiga picha kwa simu. Simu haina pazia la kitambaa, lakini kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba simu huchagua muda yenyewe. Juani huchagua mfupi. Jioni, au ndani ya nyumba, huchagua mrefu, ndiyo maana picha za harusi usiku hujaa watu wasio na macho. Simu nyingine zina mahali paitwapo "Pro", ambapo unaweza kuchagua muda mwenyewe. Kama yako haina, mvute mtu kwa mazungumzo mpaka karibu na mlango au taa, ndipo upige.

Ukishapiga, usikimbie. Msalimie mwenyewe na umwonyeshe picha. Akisema haipendi, ifute mbele yake.

Kesho asubuhi fanya zoezi hili. Simama kando ya njia wanayopita wapanda baiskeli. Mpige mmoja kwa 500, wa pili kwa 125, wa tatu kwa 30, ukiishika kamera imara. Kisha mpige wa nne kwa 30, lakini mfuate kwa kamera tangu anapotokea, na ubonyeze huku ukiendelea kumfuata. Huyo atatoka anaonekana, na miti iliyo nyuma yake itakuwa michirizi. Itachukua siku kadhaa mpaka mkono uzoee. Mimi nilimaliza mikanda miwili.