Plastiki Itoayo Mwanga na Siri ya Mchanganyiko

Polima za ndoo na mifuko hazipitishi umeme. Zipo nyingine, chache, ambazo mnyororo wake wa kaboni hupitisha, na baadhi yake hutoa mwanga. Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliupitisha umeme katika utando mwembamba wa polima iitwayo PPV, ukang'aa kwa rangi ya manjano-kijani. Ulikuwa ugunduzi mkubwa wenye mwanga hafifu: ufanisi haukuzidi asilimia 0.05, yaani kama chembe moja ya mwanga kwa kila elektroni 2,000.

Mwanga huzaliwa pale elektroni kutoka upande hasi inapokutana na tundu, yaani nafasi tupu ya elektroni, kutoka upande chanya. Katika polima nyingi za aina hii matundu husafiri kwa wepesi, ilhali elektroni hunaswa njiani. Umeme mwingi hupita bila kukutanisha pande hizo mbili, ukaishia kuwa joto.

Dawa mojawapo ni kuchanganya. Polima ya bluu iitwayo PFO ikitiwa F8BT kidogo, asilimia chache tu, F8BT huzidaka elektroni na kupokea nishati ya jirani zake, kisha hung'aa kijani. Uchache huo una maana: molekuli zing'aazo zikisongamana huzimana.

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Kwa kawaida jozi tatu katika kila nne za elektroni na tundu hazitoi mwanga kabisa. Michanganyiko yenye misombo ya metali ya iridiamu huziokoa, na hapo ndipo ufanisi ulipopanda sana. Hata hivyo, polima zilizochanganywa hupenda kujitenga wakati kiyeyushi, yaani kimiminika kilichoziyeyusha, kinapokauka, kwa hiyo kiyeyushi, joto na kasi ya kukausha huamua matokeo sawa na viambato vyenyewe.

Mafundi wa simu wa Kawangware na Riruta Satellite, Nairobi, wanajua kuwa kioo cha OLED, yaani kile ambacho molekuli zake za kaboni hung'aa zenyewe kwa umeme, ni ghali kuliko cha kawaida. Vioo hivyo havitengenezwi kwa polima, bali kwa molekuli ndogo zinazogeuzwa mvuke ndani ya ombwe, kazi inayohitaji mitambo ya gharama. Polima huyeyushwa na kuchapwa kama wino, ndiyo maana zinastahili kuendelea kutafitiwa. Kikwazo kikubwa ni bluu, ambayo hufifia mapema kuliko nyekundu na kijani.