Kisu cha mfukoni: chenye meno au cha makali manyoofu?



Mtu akinifikia dispensari na mkono uliofungwa kitambaa, ninamuuliza: ulikuwa unakata nini, na kwa kisu gani? Swali hilo lingemfaa zaidi kama angejiuliza mwenyewe sokoni, siku aliyonunua kisu.

Pale soko la Butembo, na Beni vilevile, visu vya kukunja hupangwa pamoja juu ya karatasi moja ya plastiki. Kimoja makali yake yamenyooka. Kingine kina meno kama ya msumeno. Watu wengi huchagua cha meno kwa sababu kinaonekana kikali. Ndugu, kazi yako ndiyo ichague.

Kisu cha meno hukata kwa kuvutwa. Ncha za meno hushika kwanza, nguvu yote ya mkono inakusanyika juu ya ncha hizo chache, kisha mabonde yaliyo katikati yanamalizia kazi. Kwa hiyo kamba ya nailoni, mkanda, au mfuko mgumu wa plastiki hauwezi kuteleza. Tena mabonde hayo hayagusi ubao wala jiwe, ndiyo maana kisu hicho hukaa na ukali siku nyingi.

Kisu cha makali manyoofu hukata hata kwa kusukumwa. Ndicho cha kumenya viazi na muhogo, kuchonga mpini, kukata kitambaa bila kukichana. Kinakwenda pale unapokielekeza. Cha meno hushika mti, hukwama, halafu huruka ghafla.

Niliwahi kuwapokea wawili walioonyesha jambo hili vizuri. Wa kwanza alikuwa msaidizi wa dereva, njia ya Beni. Alitaka kukata kamba ya turubai kwa kisu kinyoofu kilichokuwa butu kama kijiko. Alivuta kuelekea kwake kwa nguvu zote, kamba ikaachia, kisu kikaingia pajani. Cha meno kingeikata kamba ile kwa kuvuta mara tatu. Wa pili alikuwa akichonga mpini wa jembe kwa kisu cha meno. Kilikwama kwenye fundo la mti, kikaruka juu ya kidole gumba. Paja la yule wa kwanza nililishona bila shida, maana kingo za kidonda zilikutana. Gumba la huyu wa pili lilikuwa kama karatasi iliyochanwa, uchafu umejificha ndani ya mikunjo. Nililiosha muda mrefu sana, nalo likachelewa kupona. Mtu wa jembe akikosa gumba wiki nyingi, nyumbani wanajua.

Lakini msidhani kidonda kilichonyooka ni kidogo siku zote. Kinaweza kufika chini na kukata mshipa unaokunja kidole. Jaribu kukunja kila kidole. Kimoja kikikataa, au kikifa ganzi, njoo siku hiyohiyo hata kama damu imekauka.

Sasa habari ya kunoa, ambayo watu hawaifikiri wanaponunua. Makali manyoofu unayanoa kwa jiwe lolote laini, hata nyuma ya nyumba. Meno yanahitaji tupa nyembamba ya mviringo, bonde moja baada ya jingine. Nimeona watu wakiyasugua juu ya jiwe la bapa mpaka meno yakaisha, wakabaki na kisu kisicho cha huku wala cha kule. Huna tupa hiyo? Nunua kinyoofu. Ukikata kamba kila siku, cha meno kitakufaa. Vipo pia vyenye meno karibu na mpini tu, na ncha nyoofu. Ni vizuri, ila sehemu ya kumenyea inakuwa fupi. Utambi wa baruti usiuguse kwa kisu chochote cha mfukoni: una chombo chake na mtu wake.

Kabla ya kulipa, fungua kisu, halafu bonyeza mgongo wake polepole juu ya ubao. Kikijikunja, kitajikunja pia juu ya vidole vyako. Opinel ya Ufaransa tangu mwaka 1955 ina pete ya chuma inayozungushwa ili kuzuia hilo. Tafuta kisu chenye kizuizi cha namna hiyo.

Ukijikata, bana kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono, kisha osha kwa maji safi na sabuni. Usitie unga wa kahawa wala dawa ya meno: mimi ndiye nitakayeviondoa, na utalia. Pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, na huweza kuanza kati ya siku 3 na 21, wakati kidonda umekwisha kukisahau. Watoto na mama wajawazito hupata chanjo yake. Wanaume wa machimbo ndio wasiokumbuka sindano yao ya mwisho. Kidonda kikiwa kichafu na miaka 5 imepita, unahitaji nyingine. Njoo na kadi yako, na kama imepotea, njoo hivyohivyo.