Mbuga na Pwani kwa Watoto: Anza na Kalenda ya Shule

Barabara ya Bombo inayokatiza Wandegeya ndiyo inayokwenda Gulu, na ukichepuka kuelekea Masindi unafika Hifadhi ya Murchison Falls, mwendo wa kama kilomita 300. Ndiyo maana wazazi wengi wa hapa Kampala, wakitaka watoto waone wanyama kisha waogelee baharini, hupanga Murchison kwanza, halafu Mombasa. Kwa mtoto wa miaka sita mpango huo ni adhabu. Mbuga iko kaskazini, bahari iko kusini-mashariki, na kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100.

Murchison iwe safari yake peke yake. Mkienda pwani, wanyama muwaone njiani, Tsavo. Pandeni basi hadi Nairobi, mpumzike siku nzima, kisha mchukue treni ya SGR ya Mombasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Reli inapita katikati ya Tsavo, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuwaona tembo waliogeuka wekundu kwa udongo wa huko. Mkitaka kulala mbugani, shukeni Voi, lango la Tsavo Mashariki. Kateni tiketi ya Inter-County, maana treni za moja kwa moja hazisimami kila kituo. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, na barabara ya Dongo Kundu huwafikisha ufukwe wa Diani bila foleni ya feri ya Likoni.

Linaloamua zaidi ni mwezi. Likizo ya Mei ya shule za Uganda huangukia masika, na mvua ya pwani haina huruma kwa mtoto aliyefungiwa chumbani. Ile ya Agosti na Septemba hukuta kusi bado inavuma: mawimbi makali, mwani umejaa ufukweni. Desemba na Januari ni msimu wa kaskazi. Bahari hutulia na maji huwa na joto. Bei hupanda na tiketi za treni huisha haraka, lakini mimi ningedunduliza mwaka mzima ili niwapeleke watoto msimu huo.

Kuna jambo ambalo mtoto wa Kampala hajawahi kuliona. Ziwa analolijua halijai na kupwa, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji ya Diani huweza kuzidi mita tatu. Asubuhi mtoto anazunguka kwenye vidimbwi akifukuza kaa, saa chache baadaye palepale maji yanampita kichwa. Waulize wavuvi saa za maji kila siku, kwani husogea kwa takriban dakika 50. Mvalishe viatu vya mpira, mwambani kuna viumbe wenye miiba.

Wapo wanaosema fukwe za Entebbe zatosha. Kwa kucheza mchangani na kula samaki wa kukaanga, zinatosha. Kwa kuogelea, hapana. Ziwa Victoria lina kichocho: vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya dakika chache, bila mtoto kuhisi maumivu. Baharini havipo. Mtoto aliyekwisha kuingia ziwani apelekwe kliniki baada ya wiki sita hadi nane kupata prazikwanteli. Akipewa mapema mno, dawa haiui minyoo michanga.

Karatasi zishughulikieni mapema. Mtu mzima Mganda huvuka kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto hana, kwa hiyo mwombee hati ya kusafiria. Kila mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa, kadi huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mwenzake.

Chandarua kiingie begini hata kama hoteli imeahidi kuwa nacho. Na mtoto akipata homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe malaria siku hiyohiyo, na mumweleze daktari mlikokuwa.