Mjomba Asiyetajwa: Utangulizi wa Historia ya Siri za Ukoo Unyamwezini

Msomaji wa riwaya za Bwana Msa anajua siri ya ukoo inavyofukuliwa: kuna maiti, kuna mrithi mwenye haraka, na mwishowe mtu mmoja mwerevu mwenye kiko anatueleza nani ni mtoto wa nani. Mohammed Said Abdulla alituzoesha raha hiyo tangu Mzimu wa Watu wa Kale. Wewe unayeingia katika taaluma hii, karibu, ila raha hiyo iache nje kwa muda. Unyamwezini, kuanzia mitaa ya zamani ya Tabora hadi vijiji vya Ziba wilayani Igunga, siri nzito ya ukoo mara nyingi haikufichwa na mtu mmoja. Wazee kadhaa wanaijua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anaijua. Haisemwi tu.

Siri hiyo ni utumwa, na simaanishi ule wa vitabu vya shule. Shuleni Tabora ni kituo cha kupitia: misafara inatoka Ujiji, inapumzika Kazeh (Tabora ya zamani), inakwenda Bagamoyo, kisha Unguja. Lakini mateka wengi hawakuiona bahari. Walibakia hapahapa bara, wakilima mashamba ya watu, wakizaa, wakizikwa. Mtalii husimuliwa kwamba miembe ya njia ya Ujiji iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa. Utumwa wa miembe ni mwepesi kusimulia, maana hauna jina la bibi wa mtu.

Ugumu wa uwanja wetu unaanzia kwenye jambo ambalo Wanyamwezi wanajivunia kwa haki. Stephen Rockel, katika Carriers of Culture cha mwaka 2006, alionyesha kwamba wapagazi wengi wa njia hii walikuwa watu huru, waliosafiri kwa ujira na waliojua kugoma ujira ulipopunjwa. Katika koo nyingi safari ya babu kwenda pwani husimuliwa mpaka leo: mzigo wa pembe begani, Ugogo penye hongo (ushuru wa kupita), kurudi na vitambaa na shanga. Sasa uliza jembe lilishikwa na nani wakati babu yuko safarini kwa miezi mingi. Hapo masimulizi huanza kupungua. Ujira uleule wa vitambaa uliweza kumnunua mwanamke aliyetekwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na mwanamke huyo ndiye aliyelima. Yaani fahari na aibu zimo katika safari moja, na ukoo umejifunza kusimulia nusu yake.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu simwagizi atafute mtumwa. Namwagiza atafute mjomba. Kwa desturi ya Kinyamwezi, mahari ikilipwa watoto ni wa upande wa baba. Isipolipwa, upande wa mama una haki juu yao. Mwanamke aliyenunuliwa hakuwa na wazazi wa kupokea mahari wala kaka wa kudai wapwa. Watoto wake walibaki wote kwa bwana, wakaitwa wanawe, wakakua kama wengine. Utaandika nasaba ya mji mzima, kila bibi ana kwao, kisha unafika kwa mmoja ambaye ana jina, ana kaburi, ana wajukuu, lakini ukiuliza kaka zake unajibiwa, "Huyo alikuwa wa hapahapa." Jibu hilo usilipite haraka.

Sheria haikuisaidia midomo kufunguka. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa mkupuo: walitoa hati za uhuru kwa mtu mmojammoja, wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utawala wa Waingereza ndio ulioufuta kisheria, mwaka 1922. Katikati ya tarehe hizo watu walijikomboa kimyakimya: huyu alihama, yule alibadili jina, mwingine alipata kazi kwenye reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Wengine walikimbilia misheni, na kuhusu hao tuna bahati ya kazi za Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefuatilia jamii za Kikristo zilizotokana na waliokombolewa. Adrian Atiman, aliyeibwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea utabibu Malta na kutibu watu Karema tangu 1889 hadi uzeeni, aliandika habari zake mwenyewe. Ni wachache sana waliofanya hivyo, nasi tusiwapime wengine kwa uwazi wake.

Siri ikilipuka, kwa kawaida hulipuka kwenye mirathi. Miaka mingi hakuna aliyesema neno. Kisha shamba linagawanywa, na mtu anasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba wale wa nyumba ile "hawana mizizi hapa". Riwaya ya kutisha isingeweza kuandika sentensi kali kuliko hiyo. Watani nao, msibani, huruhusiwa kutupia kwa mzaha kile ambacho ndugu hawathubutu, kwa hiyo mtafiti anayekimbia misiba atakosa mengi.

Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Paradise (kwa Kiswahili Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis), alimweka katikati ya msafara kijana aliyetolewa kufidia deni la baba yake, na ambaye kwa muda mrefu humwita bwana wake mjomba. Nawapa wanafunzi riwaya hiyo kabla ya kitabu chochote cha historia.

Limebaki suala ambalo wenzangu na mimi hatujakubaliana. Ukiikuta katika nyaraka hati ya uhuru yenye jina unalolifahamu, umpelekee nani? Wapo wanaosema ichapishwe, historia ni ya wote. Mimi nasema aanze mjukuu, peke yake, nyumbani kwake, bila kinasa sauti. Na akisema iachwe, iachwe mpaka yeye au watoto wake waseme vingine.