Chupa Iliyozeekea Juu ya Kabati

Mwezi huu naanza na kisa cha aibu kidogo. Hata kama hunywi, soma tu, maana hiki kisa si cha pombe peke yake.

Siku ya harusi yetu, rafiki wa mume wangu aliyekuwa akisoma Italia alituletea chupa moja ya mvinyo mwekundu. Brunello di Montalcino, kutoka shamba dogo la familia. Akatuambia, "Msiifungue leo. Ifungueni mkitimiza miaka kumi." Tukaipokea kwa mikono miwili na kuisimamisha juu ya kabati la sebuleni kama kombe la mpira, mkabala na dirisha linaloingiza jua la jioni. Wewe unalijua joto la Dar. Hapo ikakaa. Kila mgeni akija tunamwonyesha, kisha tunaisahau tena.

Miaka kumi ikatimia. Watoto nikawapeleka kwa bibi yao, nikapika pilau ya mbuzi, nikavaa gauni ambalo zipu yake ilikubali kwa shida. Mume wangu akashika kizibuo. Kizibo kilikuwa kimekauka, kikavunjika vipande vipande. Mvinyo ulipotoka, rangi yake ilikuwa kahawia kama chai ya jana, na harufu yake ilikuwa ya siki. Nikaonja, nikatema.

Nilitegemea tucheke. Badala yake mume wangu akaiweka glasi mezani na kusema taratibu, "Mama Junior, hii chupa ni sisi."

Jamani, sikuwa na jibu. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ada ya shule, luku na gari kwenda gereji. Hatukugombana, hatukuchepuka. Tulikuwa tumekaa tu, juu ya kabati.

KUMBE KUZEEKA NI KAZI

Mimi kazi yangu ni kuhariri, nikikwama natafuta habari. Nikaanza kuusoma huo mvinyo. Brunello unatengenezwa Montalcino, mji wa kilimani katika mkoa wa Toscana, kwa aina moja tu ya zabibu, Sangiovese. Sheria inataka ukae angalau miaka miwili ndani ya mapipa ya mbao, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mwaka wa mavuno. Ule wa daraja la juu, Riserva, unasubiri hadi mwaka wa sita. Ukiwa mchanga ni mkali, unakausha ulimi. Miaka ndiyo inayoulainisha.

Familia iliyoupa jina ni Biondi Santi, wa shamba la Greppo. Babu yao Clemente Santi alikuwa akifanya majaribio ya mvinyo tangu karne ya 19, na mjukuu wake Ferruccio akatengeneza Riserva ya mwaka 1888, ambayo chupa zake chache bado zipo. Vita ya Pili ya Dunia ilipokaribia Montalcino, mtoto wa Ferruccio, Tancredi, alijenga ukuta kuzificha chupa za zamani zisiporwe. Hebu fikiria: risasi zinalia, mtu anajenga ukuta kulinda mvinyo wa baba yake!

Lakini kilichonigusa zaidi ni desturi ambayo Tancredi aliianza mwaka 1927. Chupa zilizokaa miaka mingi zilikuwa zikifunguliwa. Mvinyo ulionjwa. Ukiwa mzima, chupa ilijazwa kufidia kiasi kilichopungua, tena kwa mvinyo wa mwaka uleule, kisha ilizibwa kwa kizibo kipya. Waliiita *ricolmatura*, yaani kujazia. Ulioharibika haukurudishwa.

Nikamsomea mume wangu pale kitandani. Akauliza, "Kwa hiyo wanafungua kabla haijaharibika?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, halafu akasema, "Sisi tulingoja miaka kumi."

TULIVYOANZA KUJAZIA

Tangu siku hiyo, Jumapili ya mwisho wa mwezi tunatoka wawili tu, hata kama ni kula mishikaki ya barabarani. Habari za ada na luku ni marufuku. Kila mmoja anasema jambo moja linalompungukia. Mara ya kwanza nililia. Yeye alisema ana upweke, mtu ninayelala naye kitanda kimoja! Uliuma, lakini ulikuwa ukweli ambao bado ungeweza kujaziwa.

Sikudanganyi kwamba matunzo yanazuia kila kitu. Hata hao Biondi Santi, baada ya vizazi vyote hivyo, mwishoni mwa 2016 waliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Kifaransa EPI. Mambo hubadilika. Ila mvinyo ulifika huko ukiwa mzima, kwa sababu kuna watu walishuka kuutazama.

UKIPEWA CHUPA KAMA HIYO

Ilaze, isisimame, ili mvinyo uguse kizibo kisikauke na kuingiza hewa. Iweke gizani, mahali penye ubaridi usiobadilika, kama nyuzi 13 hivi. Juu ya friji au karibu na jiko ni kuiua. Na ujue kwamba mvinyo mwingi umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache, si kila chupa ni ya kutunza. Kama huna pa kuiweka, ifungue mapema na umpendaye.

Chupa yetu tupu bado ipo. Nimeishusha kabatini, sasa iko jikoni, mahali ninapoiona kila siku.